Ruzuku Ifuate Mto, Isifuate Mpaka wa Kaunti

Maji ya bomba yanayofika Mombasa karibu yote yanatoka kwa jirani. Changamwe hunywa maji ya Mzima, chemichemi iliyo ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, kaunti ya Taita Taveta, yanayosafiri kilomita 220 hivi katika bomba lililolazwa miaka ya 1950. Kisauni hungojea maji ya Baricho, yanayovutwa kwenye visima vya ukingoni mwa mto Sabaki kule Kilifi na kupandishwa hadi matangi ya Nguu Tatu. Likoni hutegemea visima vya Tiwi, kaunti ya Kwale. Ongeza chemichemi za Marere katika milima ya Shimba, nazo pia za Kwale, na utaona kwamba mji wenye watu 1,208,333 kwa sensa ya 2019 unaishi kwa hisani ya ardhi isiyo yake.

Hisani hiyo sasa inapanuliwa. Bwawa la Mwache, lililopewa kampuni ya Sinohydro kulijenga huko Kinango, kaunti ya Kwale, limekusudiwa kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 118 na kutoa mita za ujazo 186,000 kila siku, nyingi zikielekezwa Mombasa na zilizobaki zikitumiwa Kwale kwenyewe. Kiasi hicho ni mara kadhaa ya maji yanayoufikia mji leo. Mama wa Mtongwe au Mshomoroni aliyezoea kuamka usiku wa manane kusikiliza kama mfereji umeanza kutoa ana haki ya kulisubiri bwawa hili kwa hamu.

Lakini bwawa ni chombo tu. Kitakachoingia ndani yake kitategemea hali ya nchi kavu iliyo juu yake, na nchi hiyo inatunzwa na watu ambao hawatapelekewa bili yoyote kutoka Mombasa. Hapo ndipo ruzuku za serikali za kuhifadhi vyanzo vya maji zinapotakiwa kufanya kazi. Nadai kwamba fedha hizo zipo, sheria yake ipo, hata mifano ya kuigwa ipo, ila zinagawanywa kwa kufuata mipaka ya kaunti na kuhesabiwa kwa idadi ya miche. Mto haujui mipaka hiyo, na tope halizuiwi na mche uliokufa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo kwenye mikutano ya hadhara huchanganywa. Fedha za kujenga bwawa si ruzuku. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 Desemba 2014 chini ya mradi wa usalama wa maji na ustahimilivu wa tabianchi, na hizo ni mkopo utakaolipwa na Wakenya wote. Ruzuku ni kitu kingine: fedha zisizorudishwa, anazopewa mtu au kikundi ili afanye kazi yenye manufaa kwa wengine, kazi ambayo soko peke yake haliwezi kumlipa. Mkulima wa Kinango akiacha kukata miti kwenye mteremko wake, faida kubwa haimwendei yeye, humwendea mnywaji aliye mbali. Bila ruzuku au malipo ya namna fulani, tunamtaka masikini wa Kinango amfadhili mpangaji wa Changamwe.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inalijua hilo. Inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, yaani vikundi vya wanajamii vilivyoundwa ili kusimamia kijito au kijibonde chao kwa pamoja na kusuluhisha ugomvi wa matumizi. Kifungu cha 114 kinaupa Mfuko wa Dhamana wa Sekta ya Maji jukumu la kutoa ruzuku, za masharti na zisizo na masharti, kwa kaunti na kusaidia maeneo yaliyosahaulika, na jambo la kwanza kutajwa katika orodha yake ni juhudi za jamii za kusimamia rasilimali za maji. Mfuko huo na Mamlaka ya Rasilimali za Maji wana utaratibu wao: chama huanza kwa kutengeneza mpango wa kijibonde chake, kikapewa fedha kidogo, na kikionyesha kimezitumia vizuri kikapanda ngazi na kupewa zaidi. Mgala muue na haki umpe: utaratibu huo umebuniwa vizuri kuliko mingi ninayoifahamu katika ukanda huu.

Mlango wa pili wa ruzuku ni programu ya kufadhili hatua za tabianchi mashinani, inayojulikana kwa kifupi chake FLLoCA, iliyoanza 2021 chini ya Hazina ya Kitaifa kwa msaada wa Benki ya Dunia, Denmark, Sweden na Ujerumani. Fedha zake hupitia kaunti, na kamati za mipango za wadi ndizo zinazopendekeza miradi. Mombasa ina wadi 30.

Hapo ndipo penye kasoro ya kwanza. Kamati ya wadi ya Likoni itapendekeza nini? Itapendekeza kisima, tangi, mtaro wa maji ya mvua, labda kupanda mikoko. Yote ni mahitaji ya kweli. Lakini haitapendekeza kuziba korongo lililoko Kinango, kwa sababu Kinango si wadi yake, na diwani hatapata kura kule. Kamati ya Kinango nayo itapendekeza malambo ya mifugo na maji ya shule, kwa sababu watu wake wana kiu leo na hawawezi kutumia fungu lao dogo kuzuia tope lisiingie kwenye bwawa la mji. Kila kamati imefanya sawa kwa watu wake, na bonde limebaki halina mwenyewe.

Katiba haikukusudia hivyo. Jedwali la Nne limeweka hifadhi ya udongo na maji miongoni mwa kazi za kaunti, na Ibara ya 189 inaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja ili kutekeleza kazi zao. Kaunti sita za Pwani tayari zimejiunga katika jumuiya. Kilichokosekana ni sharti la fedha: hakuna ruzuku kubwa inayowaambia Mombasa na Kwale kwamba watapewa endapo tu watakuja pamoja na mpango mmoja.

Sasa tuliangalie bonde lenyewe. Mto Mwache unakusanya maji ya nchi ya Waduruma, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000, lenye mvua chache zinazokuja kwa vishindo. Ardhi yake ni ya mawe laini ya mchanga na udongo wa tabaka unaobomoka upesi. Mifugo ni mingi, makaa ndiyo benki ya mwaka wa njaa, na mchanga wa mtoni una soko kila mahali panapojengwa. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya ardhi iliyo wazi, maji hayapati muda wa kuzama. Hukimbia juu juu, hujikusanya kwenye njia za ng'ombe, huchimba mifereji, mifereji ikawa makorongo, na kwa saa chache mto uliokuwa mkavu hujaa maji mazito ya rangi ya kahawia. Siku mbili baadaye umekauka tena. Wataalamu waliopanga bwawa wanalijua hilo, ndiyo maana mradi una bwawa dogo la kunasa tope. Nalo likijaa, tope litaendelea na safari.

Wakazi wa bara ya magharibi ya Mombasa hawahitaji kwenda Kinango kuona ushahidi. Mwache humwaga maji yake katika hori la Port Reitz, upande wa Changamwe. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kiasi cha kuzika mizizi ya mikoko ya hori hilo, na sehemu kubwa ya msitu huo ikafa wima. Mikoko hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya matope. Ikifunikwa, hufa kwa kukosa hewa. Wavuvi waliotegemea kaa na kamba wa pale waliulipia mmomonyoko wa Kinango bila kufahamu bili ilitoka wapi. Bwawa likikamilika, tope hilohilo litakuwa na mahali pengine pa kutulia: chini ya maji ya kunywa.

Kasoro ya pili ni kipimo. Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 hadi 2032, na Novemba 13, 2023 ikatangazwa sikukuu ya kupanda miti. Nia ni njema, ila tarakimu ya miche imegeuka kuwa lugha ya kuombea na kutolea fedha. Nimesoma mapendekezo mengi ya miradi ya namna hii na yanafanana kama mapacha: semina ya uhamasishaji, posho za kikao, fulana na kofia, bango la mradi barabarani, kitalu, miche elfu kadhaa, siku ya kupanda ambayo mgeni rasmi atahudhuria. Ukitafuta fungu la kumwagilia miche miezi sita baadaye, halipo. Ukitafuta fungu la kumzuia mbuzi asiingie, halipo. Ukitafuta mtu wa kupima rangi ya maji mtoni kabla na baada, hajatajwa kabisa. Ripoti ya mwisho itasema miche ilipandwa, na itakuwa imesema kweli.

Katika nchi kavu kama Kinango, kazi yenye tija kubwa mara nyingi si mti. Ni vizuizi vya mawe vinavyopangwa kukata korongo likiwa bado changa, kila kimoja chini ya kingine, ili maji yapungue kasi na kuacha mchanga wake hapo hapo. Ni matuta ya kufuata usawa wa mteremko, yaliyofungwa kwa nyasi ambazo mkulima atazikata kulisha ng'ombe wake. Ni kuacha kipande cha malisho kipumzike msimu mzima. Ni bwawa la mchanga linalohifadhi maji ndani ya mchanga wenyewe, yasikaushwe na jua. Kazi hizi hazipendezi kwenye picha ya gazeti, lakini faida yake huonekana kwa mwenye shamba katika msimu wa kwanza au wa pili, ndiyo maana huzitunza hata mradi ukiondoka. Anachokitunza mwenye shamba bila kuambiwa ndicho kinachobaki.

Kwamba kulipa kwa matokeo kunawezekana Kenya, si nadharia. Mfuko huohuo wa Dhamana, katika programu ya vyoo vya mijini iliyoanza 2011, uliwapa wenye nyumba motisha ya fedha baada ya choo kujengwa na kukaguliwa, si kabla. Na jirani yetu Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa tangu 2013 ukilinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni iliyopimwa. Mapato yamefadhili maji na elimu vijijini. Kijiji cha wavuvi kinachoweza kutunza hesabu zinazokaguliwa na wanunuzi wa ng'ambo kinaweza kabisa kutunza hesabu za vizuizi vya mawe.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa: ruzuku huisha. Mfadhili ana miaka mitatu au mitano, bonde lina umri wa vizazi. Kwa hiyo ruzuku inafaa itumike kuanzisha kitu kitakachojilipa chenyewe. Hili nalo limekwisha kujaribiwa. Quito, mji mkuu wa Ecuador, ulianzisha mfuko wa maji mwaka 2000, na baadaye sheria ya mji ikailazimu kampuni ya maji itoe asilimia 2 ya mauzo yake kwa ajili ya vyanzo vilivyo milimani. Hapa nyumbani, Mfuko wa Maji wa Tana Juu na Nairobi ulizinduliwa 2015, ukiwaleta mezani kampuni ya maji ya Nairobi, KenGen, watengeneza vinywaji na wakulima wa miteremko ya Aberdare. Hesabu iliyofanywa kabla ya kuanza ilionyesha kwamba dola milioni 10 zikiwekezwa kwenye mashamba zingeleta faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30, kwa maji safi zaidi, umeme zaidi na mavuno bora. Nairobi walifanya hivyo kwa sababu tope lilikuwa linawagharimu katika kusafisha maji. Mombasa tutangoja hadi Mwache ijae tope ndipo tujifunze?

Tufanye hesabu ya uchukuzi mdogo, ile ya mtungi. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50 ya lita 20. Kanuni za rasilimali za maji za 2007 ziliweka ada ya senti 50 kwa kila mita ya ujazo inayochukuliwa kwa matumizi ya nyumbani, yaani senti moja kwa mtungi. Hicho ndicho kilichohesabiwa kuwa thamani ya kukitunza chanzo. Mtungi huohuo ukifika mlangoni juu ya mkokoteni, Likoni au Kisauni, ni shilingi 20, na siku za shida hufika 50. Kwa bei ya 20, anayenunua kwa mkokoteni anailipia mita ya ujazo shilingi 1,000.

Sasa chukua Mwache. Tuseme kila mita ya ujazo itakayotoka bwawani itozwe shilingi moja ya kulinda bonde, sawa na senti mbili kwa mtungi. Mita 186,000 kwa siku ni shilingi 186,000. Kwa mwaka ni karibu shilingi milioni 68. Fedha hizo haziwezi kujenga bwawa jingine, lakini zinaweza kuwalipa vijana wa Kinango kazi ya kudumu ya kutengeneza makorongo kila mwaka, bila kungoja mfadhili atangaze awamu mpya. Ruzuku ya serikali ingelipia miaka ya mwanzo, wakati bwawa halijatoa maji, na kulipia vipimo.

Najua pingamizi. La kwanza ni kwamba karibu nusu ya maji ya Mombasa hupotea njiani kwa mabomba yanayovuja na wizi, basi mbona tusizibe kwanza? Ni kweli, na kuzibwa ni lazima. Ila bomba lililozibwa bila chanzo halitoi kitu, na fedha za kazi hizi mbili hazitoki mfuko mmoja. La pili ni kwamba kampuni ya maji ya kaunti inadaiwa na shirika linaloiuzia maji kwa jumla, nalo likadaiwa umeme, hadi mitambo ikazimwa mara kwa mara. Shilingi ya bonde ikiingia katika msururu huo itamezwa na madeni. Hili ndilo pingamizi zito, na jibu lake ni kwamba fedha hizo zisiingie kabisa katika akaunti za kampuni wala za kaunti: zikatwe kwenye chanzo na kuwekwa katika mfuko wa amana wenye wadhamini kutoka Kwale na Mombasa, huku vyama vya watumiaji maji vikiwa na viti vyenye kura, si viti vya wageni waalikwa.

La tatu ni la watu wa Kwale na Taita Taveta, nao wana haki ya kulisema: bomba la Mzima linapita kwao likiwaacha na kiu kwa zaidi ya nusu karne. Mfuko wa bonde usipoweka wazi kwamba vijiji vya chanzo vinapata maji kwanza, hakuna kizuizi cha mawe kitakachodumu. Mtu halindi kile ambacho kila siku anakiona kikimpita.

Kuna upande mmoja wa hoja hii unaoihusu bara ya Mombasa yenyewe, na hatuna wa kumtupia lawama. Chini ya Kisauni na Likoni kuna maji, katika mchanga na matumbawe ya kale, na maelfu ya watu huyateka kila siku kwa visima na pampu za mkono. Maji hayo yana maadui wawili: bahari, inayosogea ndani kila yanapovutwa kupita kiasi, na vyoo vya shimo vilivyochimbwa hatua chache kutoka kisimani. Katika miaka ya 2000 Kisauni ilikuwa miongoni mwa maeneo ya Afrika yaliyochunguzwa katika mradi wa UNEP na UNESCO kuhusu uchafuzi wa maji ya ardhini, na vijidudu vya kinyesi vilionekana visimani. Mtambo wa maji taka wa Kipevu, Changamwe, unahudumia sehemu tu ya bara ya magharibi. Penginepo tangi la choo ndilo kila kitu.

Kwa hiyo mtu wa Kisauni naye anaishi juu ya chanzo cha maji, kama mtu wa Kinango. Ruzuku ya kuhifadhi vyanzo hapa isihesabu miti. Ihesabu mashimo yaliyogeuzwa kuwa vyoo visivyovuja, magari ya kunyonya yanayofika vichochoroni kwa bei ya kulipika, visima vilivyopimwa chumvi na vijidudu kila msimu, na mapaa ya shule na misikiti yanayovuna mvua. Ruzuku zinazotolewa kwa jina la maji na zinazotolewa kwa jina la usafi wa mazingira zimewekwa katika madawati mawili tofauti. Ardhini, kwenye kisima cha mita 10, ni jambo moja.

Ninachokidai ni masharti matatu. Ruzuku yoyote ya vyanzo vya maji vya Mombasa itolewe kwa ombi la pamoja la kaunti inayokunywa na kaunti inayotoa, kwa mujibu wa Ibara ya 189. Sehemu kubwa ya malipo itolewe baada ya vipimo vya tope mtoni, chumvi kisimani, na vizuizi vinavyosimama baada ya misimu miwili ya mvua. Na kabla Mwache haijafungua bomba la kwanza, bei ya maji yake iwe tayari na shilingi ya bonde ndani yake, maana bei ikishatangazwa bila hiyo, hakuna mwanasiasa atakayethubutu kuiongeza.

Msomaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe ana nafasi yake. Kila mwaka kaunti huita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti kabla ya mwezi Juni. Nenda. Usiulize miche mingapi itapandwa. Uliza Mombasa itachangia shilingi ngapi Kinango mwaka huu, nani atapima, na matokeo yatabandikwa wapi. Ukijibiwa kwamba Kinango si kaunti yetu, wakumbushe maji wanayokunywa yanatoka wapi.